Umande wa Issa: uzi wa mashairi mafupi ya machipuko, mapenzi na msiba

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha kwa miezi. Leo nauanza, na nitaushusha kwa vipande. Wapenda ushairi karibuni, na msiopenda ushairi karibuni vilevile, maana mashairi ninayoyaleta hayazidi mistari mitatu.

Masika yaliyopita dada yangu alifiwa na mtoto wa kike. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi tulikuwa makaburini, udongo umelowa mpaka majembe yanateleza mikononi. Msibani watu walijaa kama ilivyo kawaida yetu, na kila aliyeingia alimpa maneno yale tunayoyajua wote: kazi ya Mungu haina makosa. Dada aliitikia kila mara. Ni mtu wa imani, wala hakuwa anaitikia kwa mdomo tu. Usiku wa siku ya tatu watu wamelala, tumebaki wawili mkekani, akasema, "Ni kweli, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini..." Akaishia hapo. Nikasubiri amalizie. Hakumalizia, nami sikumuuliza.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nasoma habari za ushairi wa Kijapani nikakutana na mtu aitwaye Kobayashi Issa. Mwaka 1819 alimzika binti yake, akaandika hivi:

*tsuyu no yo wa*
*tsuyu no yo nagara*
*sari nagara*

Nimelitafsiri kwa mizani ileile ya kwao:

*Dunia hii*
*ni ya umande, kweli;*
*na hata hivyo…*

Basi. Ndiyo mwisho wa shairi. Limekatikia palepale alipokatikia dada yangu, mtu na mtu wametengwa na miaka mia mbili na bahari nzima.

Kwa wasiojua: shairi la namna hii linaitwa haiku. Lina mizani 5, kisha 7, kisha 5, jumla 17. Linganisheni na shairi letu la pwani, ambalo mshororo wake mmoja una mizani 16, nane kwa nane. Yaani shairi zima la Mjapani linazidi mshororo wetu mmoja kwa mizani moja tu. Ndani yake kwa kawaida hukaa neno linalotaja majira ya mwaka, na neno jingine la kukata, linalolipasua shairi vipande viwili halafu vipande hivyo vinaachwa vitazamane. Kazi ya kuunganisha anaachiwa msomaji.

Naendelea baadaye. Karibuni.

#2 Binti wa Pwani

Pole sana kaka, na umfikishie dada yako pole yangu. Nilipofika kwenye ile "lakini" nimeweka simu chini kwanza.

Nina swali. Umeandika machipuko kwenye kichwa cha uzi. Mimi neno hilo nalijua kwa vitabu vya shule tu. Sisi tuna masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Na wavuvi wa kwetu wanahesabu kwa kaskazi na kusi. Hayo machipuko mtu wa huku ayahisi vipi? Na umande ndio machipuko?

#3 Mleta uzi

Ahsante dada, nitamfikishia.

Umeuliza pazuri. Umande katika mapokeo yao si wa machipuko, ni wa majira ya majani kupukutika, wakati asubuhi zinapoanza kuwa na baridi. Lakini kitabu lilimo shairi hili kinaitwa *Oraga haru*, maana yake "machipuko yangu", kwa lafudhi ya mtu wa shamba. Sababu ni kwamba kwa kalenda ya zamani ya Japani mwaka mpya na machipuko vilianza karibu pamoja. Walihamia kalenda ya sasa mwaka 1873. Kwa hiyo Issa anaposema machipuko yangu anasema pia mwaka wangu mpya. Shairi linalobeba jina hilo linasema kwamba furaha yake ya mwaka huo ni ya wastani tu. Tena alilitunga mwanzoni mwa mwaka, mtoto yuko hai!

Kuhusu kuyahisi. Issa alizaliwa mwaka 1763 katika kijiji cha Kashiwabara, milimani, sehemu ambayo leo ni mkoa wa Nagano. Theluji ya kule ni nzito. Katika shairi jingine anaitazama nyumba atakayofia na kuuliza, ndiyo haya makazi yangu ya mwisho, theluji futi tano? Watu wanafungiwa ndani kwa miezi, watoto nao. Halafu siku moja:

*Theluji kwisha,*
*kijiji kimejaa*
*watoto tele.*

Msomaji wa kule akisikia theluji imeyeyuka anangojea kuambiwa kijiji kimejaa maji. Anaambiwa kimejaa watoto. Sasa dada, wewe hujawahi kuiona mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, watoto wote wa mtaa wako uchi kwenye michirizi ya mabati? Mimi nikisoma shairi hili nasikia harufu ya udongo wa siku ile. Majira ni tofauti, lakini mlango unaofunguka ni huohuo.

#4 Mwalimu Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Poleni kwa msiba.

Hata hivyo nina neno. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na ninaamini shairi la Kiswahili lina uti wa mgongo, nao ni vina na mizani. Hizi tafsiri zako zina mizani, nimezihesabu, ziko sawa. Vina haviko. Sisemi si nzuri. Nauliza kwa nini tuziite mashairi, na kwa nini tusiziite semi.

#5 Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa kuhesabu, maana nilikuwa naogopa hapo hasa.

Tukianza na mizani, naona lugha hizi mbili ni kama zilinyonya ziwa moja. Kijapani silabi zake huishia na irabu, kama zetu. Irabu ikirefuka inahesabiwa mara mbili: Tokyo kwao ni to-o-kyo-o, mizani nne, kama sisi tunavyohesabu "kaa" mbili. Na ile n inayosimama peke yake mwishoni mwa neno wanaihesabu mizani kamili, kama m yetu katika "mtu". Kiingereza kinahangaika sana na haiku kwa sababu silabi zake hazitoshani, nyingine nzito nyingine nyepesi. Kiswahili kinaingia kwenye 5, 7, 5 bila kusukumwa.

Vina sasa. Lugha ambayo karibu kila neno linaishia kwenye moja ya irabu tano, kina ni kitu cha bei rahisi, kinajitokeza chenyewe bila kutafutwa. Wajapani wakakiacha wakashika mizani na majira. Washairi wetu wa pwani walikuwa na irabu tano zilezile wakafanya kinyume: wakakifanya kina kigumu, wakadai silabi nzima ifanane, kati na mwisho, ubeti mpaka ubeti. Njia zote mbili nazipenda, na sitaki moja imfukuze mwenzake.

Ila mwalimu, litazame tena shairi la umande kwa Kijapani. Mstari wa pili unaishia *nagara*. Wa tatu unaishia *nagara*. La kwanza maana yake ni kama "ingawa ndivyo", la pili liko ndani ya neno la zamani la "hata hivyo". Huyu mtu anakubali na kukataa kwa sauti ileile. Kina kipo mwalimu, na ni tafsiri yangu iliyokiua.

#6 Mleta uzi

Naendelea. Hiki ndicho kipande nilichotaka kukiandika tangu mwanzo, kwa hiyo nivumilieni urefu.

Mama yake Issa alikufa yeye akiwa na miaka mitatu kwa hesabu yao. Alilelewa na bibi. Baba akaoa mke mwingine, mambo ya nyumbani yakaharibika, na mwaka 1777 kijana akapelekwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, akatafute maisha. Kuna shairi lake la utotoni mwake, ingawa alilitunga ukubwani:

*Ewe shomoro*
*uliyekosa mama,*
*njoo tucheze.*

Baba alipofariki mwaka 1801 ulizuka mgogoro wa urithi na mama wa kambo na ndugu wa baba mmoja. Ulikwisha mwaka 1813. Wenye koo zenye kesi za mashamba mnajua miaka kumi na zaidi ya namna hiyo inamfanya nini mtu. Akarudi Kashiwabara, wakaigawa nyumba, na mwaka 1814 akaoa kwa mara ya kwanza, umri umeshavuka miaka 50. Mke aliitwa Kiku.

Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 1816, hakufikisha mwezi. Wa pili ndiye Sato, aliyezaliwa mwaka 1818.

Katika kile kitabu Issa anamwandika Sato kama baba yeyote anayemwonyesha jirani picha za mtoto kwenye simu. Anapiga makofi akiambiwa. Alimlilia mtoto mwingine amwachie kichezeo chake, kile cha kuzungushwa na upepo. Akapewa, akakitia mdomoni, akakitupa. Akaona bakuli, akalichoka. Akaanza kuchana karatasi za mlango, maana milango ya kwao enzi hizo ilibandikwa karatasi. Baba akamwambia vizuri, vizuri sana, naye akaamini kweli anasifiwa, akazidi kuchana huku anacheka. Issa anasema moyoni mwa mtoto huyu hakuna hata chembe ya vumbi.

Kisha ukaja ndui.

Malengelenge yalimtoka mwili mzima. Yalipokauka magamba yakaanza kuanguka, na Issa anayafananisha na udongo unaoporomoka theluji inapoyeyuka. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Ni alama ya machipuko ileile iliyojaza watoto kijijini. Mtu wa milimani anajua theluji ikiyeyuka hatari imepita. Wakafurahi, wakafanya tambiko la kumuaga mungu wa ndui. Mtoto akazidi kudhoofika. Tarehe 21 ya mwezi wa sita mwaka 1819 akafa, na Issa anaandika kwamba alinyauka pamoja na maua ya asubuhi, yale yanayofunguka alfajiri na kusinyaa jua likipanda. Mama yake akaushikilia ule uso akalia.

Anaendelea: anajua maji yaliyopita hayarudi, ua lililoanguka halirudi tawini. Anajitahidi kuonekana amekubali. Lakini kamba ya mapenzi haikatiki. Kisha linafuata shairi la umande.

Issa alikuwa Mbuddha wa madhehebu ya Jōdo Shinshū. Kwamba dunia ni kama umande lilikuwa fundisho alilokua nalo, lililohubiriwa kwenye kila msiba aliohudhuria. Halikuwa wazo lake jipya. Ndiyo "kazi ya Mungu haina makosa" yao. Halidharau, halibishi. Analitamka mara mbili ili ajulikane kuwa amelisikia na analiamini. Halafu anabakiwa na mizani tano, na ndani ya hizo tano anaweka neno linalofungua sentensi nyingine, asiiandike.

Angekuwa na beti kumi angeimaliza. Angesema lakini moyo unauma, lakini nitamkumbuka, lakini peponi tutaonana. Kila moja lingekuwa la kweli na kila moja lingekuwa dogo kuliko kile alichokuwa nacho. Nadhani ufupi wa mashairi haya hapo ndipo unapokuwa heshima kwa mfiwa. Sisi msibani tunaogopa kimya, tunakijaza maneno. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, nimewaambia watu "usilie, jikaze" kwa sababu kilio chao kilinitisha.

Waliofuata nawataja kwa ufupi, siwezi kwa urefu. Mwaka 1820 alizaliwa mtoto wakampa jina lenye neno jiwe, Ishitarō, ili adumu. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alikosa hewa mgongoni mwa mama yake. Wa nne alizaliwa mwaka 1822. Mwaka 1823 Kiku akafa, na mtoto huyo akafa mwaka huohuo. Mwaka 1827 nyumba ikaungua pamoja na sehemu kubwa ya kijiji, Issa akahamia kwenye ghala la kuta za udongo, akafia humo Januari 1828. Ghala hilo bado lipo Kashiwabara. Mke aliyekuwa naye wakati huo, aliyemwoa baada ya Kiku, alibaki mjamzito. Binti aliyezaliwa, Yata, baba hakumwona, na yeye ndiye aliyekua.

Mtu huyu ameacha haiku zaidi ya 20,000. Nyingi zinahusu vyura, nzi, shomoro, konokono.

#7 Fundi Cherehani

Mkuu, nimesomea hapa kiwandani wenzangu wameenda kula. Mimi pia nimezika mtoto, mwaka wa tisa sasa. Sina la kuongeza kwenye kipande hicho, acha kikae kama kilivyo.

Kichwa cha uzi kimesema na mapenzi. Mapenzi ya mke na mume yapo humo kwenye mistari mitatu?

#8 Mleta uzi

Pole fundi. Miaka tisa si mingi.

Yapo, ila hawapendi kulitaja neno lenyewe. Yosa Buson, mchoraji na mshairi aliyeishi 1716 hadi 1784, ana hili:

*Baridi kali:*
*nakanyaga kitana*
*cha marehemu.*

Nimepoteza vitu viwili kwa ajili ya mizani. La kwake linasema wazi kwamba marehemu ni mke, na kwamba ni chumba cha kulala. Lakini mwendo ni huo. Mwanamume anatembea gizani chumbani, baridi ya majira, mguu unagusa kitu kidogo chenye meno. Hakuna "nilikupenda". Kuna unyayo tu. Fundi, wewe unayeshughulika na vitambaa unajua jinsi nguo inavyobaki na umbo la mwenyewe.

#9 Binti wa Pwani

Hili la kitana limenipiga kuliko yote. Mama yangu mkubwa alikufa, mumewe akaacha chanuo lake dirishani miaka miwili, ole wako uliguse. Huyo Buson alifiwa lini na mkewe?

#10 Mleta uzi

Dada, jibu litakushangaza. Hakufiwa. Mke wa Buson alikuwa hai alipolitunga, na aliishi miaka mingi baada ya Buson mwenyewe kufa.

Nilipojua nilikasirika kidogo, niseme ukweli. Nilihisi Issa amelipia shairi lake na Buson amekopa. Hasira imeshaniisha. Nimefikiri juu ya mtu aliyelala kando ya mke aliye mzima, anasikia pumzi zake, na wazo linampitia la siku kitana kile kitakapokuwa sakafuni na mwenyewe hayupo. Mwenye kupenda humpitia wazo hilo. Mimi hunipitia nikiwaangalia wangu wamelala. Buson hakudanganya kuhusu mapenzi, alitangulia tu kufika kwenye msiba. Na baba yako mkubwa hakuhitaji kumsoma ili aache chanuo dirishani.

Moja fupi la machipuko nalo nilitoe, la Bashō, mkubwa wao wote, aliyekufa mwaka 1694. Ujanani alikuwa mtumishi wa kijana wa ukoo wa kitawala huko Iga, na wakitunga mashairi pamoja. Kijana yule akafa mwaka 1666. Baada ya miaka 22 Bashō alialikwa na mtoto wa marehemu kutazama sakura, maua meupe yenye wekundu wa mbali, yanayochanua siku chache mwanzoni mwa machipuko na kudondoka yote.

*Mengi ya kale*
*yananijia leo:*
*maua haya.*

Hakusema ni yapi. Mwenyeji wake alijua.

#11 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu, na samahani kwa kuchelewa. Nilirudi kwenye ile *nagara* ukanikosesha usingizi.

Tafsiri yako ya kwanza imeangusha marudio. Umande umetajwa mara moja, wakati yeye kautaja mara mbili, na umeeleza mwenyewe kwa nini. Napendekeza:

*Ni umande tu,*
*dunia ni umande;*
*lakini bado…*

5, 7, 5. Kina kimenishinda, lakini neno limerudi mahali pake. Nimeiacha "hata hivyo" kwa sababu inanuka karatasi za ofisini. Nilifikiria "walakini", nikaogopa kwa kuwa siku hizi mtu akisema jambo lina walakini anamaanisha lina dosari. Ingawa, ukiitafakari, dosari ndiyo hiyo aliyoiona.

Sasa nina neno la pili. Dada yako hakusema "lakini bado". Alisema "lakini". Ukimwandikia yeye, kata "bado". Mstari utabaki na mizani tatu. Mahali pengine popote ningeliita guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani, na kulitia kalamu nyekundu. Hapo silitii.

#12 Mleta uzi

Mwalimu, ahsante. Nimekata.

Jana jioni nilimpigia dada. Nilikuwa sijamwambia habari za uzi huu wala za Issa. Nikamweleza kwa ufupi juu ya mzee mmoja wa Kijapani aliyemzika binti yake, kisha nikamsomea:

*Ni umande tu,*
*dunia ni umande;*
*lakini…*

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza mtoto wake huyo mzee aliitwa nani. Nikamwambia Sato. Alikuwa na umri gani? Mwaka mmoja na kidogo. Alikuwa ameanza nini? Nikamwambia makofi, na kuchana karatasi za mlango.

"Wangu alikuwa anavuta khanga kwenye kamba," akasema. "Nikianika tu, anavuta. Nikimgombeza anapiga makofi."

Tangu tumzike hakuwa amemtaja hata mara moja mbele yangu. Aliendelea na ya khanga, akaja na ya ndizi aliyoificha ndani ya kiatu cha baba yake, akacheka, akalia kidogo, akarudi tena kwenye khanga, ipi ilikuwa na rangi gani. Mimi sikusema kitu. Tuliongea hivyo mpaka salio langu likaisha, akapiga yeye.